Dola 39 na Senti 60

Kwetu Usinge mtu hujifunza mapema kwamba treni haimsubiri mtu. Inaingia, inasimama, wauza asali na karanga wanakimbia dirisha hadi dirisha, kisha inapiga honi na kwenda zake, ama kushuka Malagarasi na Kigoma, ama kurudi Kaliua na Tabora. Aliyekwenda kutafuta chai atajua mwenyewe. Ndiyo maana katika sinema ya Kimarekani iitwayo It Happened One Night kuna onyesho moja ambalo mtu wa hapa hahitaji kutafsiriwa. Ellie, binti wa tajiri mkubwa, ameshuka kwenye basi katika mji wa Jacksonville. Abiria wamepewa nusu saa ya kustaftahi. Yeye anamwambia dereva kwamba huenda akachelewa kidogo, basi limngoje. Wala hasemi kwa jeuri. Anasema kwa upole wa mtu ambaye tangu azaliwe kila kitu kimemngoja. Anaporudi, basi halipo, na mshangao wake ni wa kweli kabisa.

Mara ya kwanza tulipoliona onyesho hilo, mwaka 1994, marehemu mke wangu alicheka hadi akashika mbavu. Mpwa wangu alikuwa ametuletea mkanda wa video kutoka Dar es Salaam, pamoja na jenereta ya kuazima iliyopiga kelele kuliko waigizaji. Tangu hapo nimeitazama sinema hiyo mara nyingi. Mwaka huu nimeitazama tena, peke yangu, kwenye kompyuta ya mjukuu. Nilitaka kujua jambo moja: je, bado inachekesha, au nilikuwa nacheka kwa sababu ya aliyeketi pembeni yangu?

Kwanza nimweleze msomaji kisa chenyewe. Sinema ilitoka mwaka 1934, ikatengenezwa na kampuni ya Columbia na kuongozwa na Frank Capra. Mwandishi wake, Robert Riskin, aliichota kutoka hadithi fupi ya Samuel Hopkins Adams. Ellie, anayeigizwa na Claudette Colbert, ameolewa kwa siri na rubani mmoja mwenye majivuno. Baba yake hamtaki mkwe huyo, akamzuilia binti ndani ya meli yake ya starehe huko Miami. Binti anajitosa baharini, anaogelea hadi nchi kavu, anapanda basi la usiku kwenda New York kumfuata mumewe. Ndani ya basi anakutana na Peter, anayeigizwa na Clark Gable, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi punde tu. Wanapatana kibiashara: Peter atamfikisha salama, naye atampa habari ya kuandika gazetini. Njiani mzigo unaibiwa, fedha zinakwisha, wanalala kwenye majani makavu, wanaomba lifti. Wanagombana kutoka Florida hadi karibu na New York. Mwisho wake msomaji ameshaukisia.

Filamu hiyo ilipata tuzo tano kubwa za Oscar: ya filamu bora, ya mwongozaji, ya mwandishi, ya mwigizaji wa kiume na ya mwigizaji wa kike. Ilikuwa ya kwanza kupata zote tano. Filamu nyingine zilizofikia hapo ni ya 1975 na ya 1991 tu. Husimuliwa kwamba usiku wa tuzo, Februari 1935, Colbert hakutegemea kushinda, akawa yuko stesheni tayari kwa safari ya treni. Ikabidi afuatwe, akapokea tuzo yake akiwa na nguo za safari. Kisa hicho hunifurahisha. Maisha yalimwigizia Ellie upya, ila safari hii alikuwa na watu wa kumkimbilia.

Lazima nikiri kosa langu moja. Kisa hiki nilikifahamu kwanza kwa Kihindi. Nilipokuwa mwanafunzi mjini Tabora, miaka ya 1960, tulikuwa wagonjwa wa sinema za Kihindi, na kipenzi chetu alikuwa Raj Kapoor. Katika Chori Chori ya mwaka 1956, yeye na Nargis wanasafiri safari ile ile: binti wa tajiri, mwandishi wa habari, basi, na magomvi. Tulitoka ukumbini tukiimba maneno tusiyojua hata moja maana yake. Kwa hiyo siku ya mkanda wa video, baada ya robo saa tu, nilitangaza mbele ya wageni kwamba Wamarekani wamewaibia Wahindi. Mke wangu akalichukua ganda la mkanda, akalisogeza kwenye taa, akasema, "Mwalimu, 1934 inakuja kabla ya 1956." Nilikuwa nimefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka 20. Maneno hayo hayakunitoka mwilini tena. Nikikosea chenji dukani, nikisahau siku ya mnada, niliambiwa hivyo hivyo: "Mwalimu, 1934 inakuja kabla ya 1956."

Kosa hilo lilinifunza kitu lakini. Kisa kilichosafiri kutoka Marekani hadi India, kikarudiwa huko tena mwaka 1991 katika Dil Hai Ke Manta Nahin, na kikaeleweka Tabora na Usinge bila mkalimani, lazima kina mfupa mgumu ndani yake. Wahindi waliongeza nyimbo na machozi. Walichoshindwa kukiondoa ni njia na ugomvi. Ukiondoa kimojawapo, hakuna sinema.

Wamarekani wana jina la vichekesho vya aina hii, wakilitoa katika mchezo wao wa besiboli, pale mrushaji anapoupinda mpira ukaenda upande usiotarajiwa. Kwa kawaida kuna mwanamke mwenye ulimi mkali, mwanamume anayejiona mjuzi, tofauti ya tabaka kati yao, na maneno yanayokwenda kasi kama pilipili kwenye mafuta moto. Wahakiki wameandika mengi. Stanley Cavell, mwanafalsafa wa Harvard, alichapisha kitabu kizima mwaka 1981 kuhusu vichekesho hivyo, akiona kwamba mazungumzo ya wawili hao ndiyo ndoa yao yenyewe. Nakubaliana naye, lakini mimi ningetumia neno moja ambalo Harvard hawakuwa nalo. Neno hilo ni utani.

Sisi wa njia hii tunalijua neno hilo kwa miguu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ilipita huku kutoka pwani hadi Ujiji, na mizigo ilikuwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mtu aliyetoka Unyamwezi akafika Uzaramo alikuwa mgeni mwenye njaa katika nchi ya watu. Angeweza kuwa adui. Badala yake akawa mtani. Mtani anaweza kukuita mlafi, akakunyang'anya kofia, akakudai kuku, nawe huruhusiwi kukasirika, kwa sababu kesho ukipita kwake utafanya vivyo hivyo. Na siku ukifa, ndiye atakayekushughulikia. Wazee wetu walikuta njiani kwamba matusi yenye ruhusa huwageuza wageni kuwa ndugu upesi kuliko heshima.

Sasa litazame onyesho ambalo kwangu ni moyo wa sinema nzima. Ellie na Peter wamelala katika kibanda cha kupangisha kando ya barabara. Kati ya vitanda viwili Peter amefunga kamba na kutundika blanketi, akaliita kuta za Yeriko. Asubuhi wapelelezi wa baba wanafika wakimsaka binti. Hakuna pa kukimbilia. Hapo Peter anaanza kumfokea Ellie kama mume aliyechoshwa na mkewe, akimkumbusha habari za dansi fulani na mwanamume fulani. Ellie, ambaye jana alikuwa hajui basi halingoji, anadaka papo hapo. Anajibu kwa sauti ya mtoto wa fundi bomba, analia, anapiga kelele. Wapelelezi wanaona haya, wanaondoka, na mwenye vibanda anawalaumu kwa kuwasumbua watu na ndoa yao.

Ajabu ya onyesho hilo ni kwamba hakuna aliyewaomba vyeti. Kutukanana kwao ndiko kulikokuwa cheti. Wangejifanya wachumba wanaopendana, wakashikana mikono, wangekamatwa. Tena ndiyo mara yao ya kwanza kufanya kazi pamoja. Mlango ukifungwa wanacheka, na macho yao yamebadilika. Peter na Ellie hawakupendana licha ya ugomvi. Ugomvi ndio uliowaonyesha kwamba kila mmoja amempata mtu wa kumjibu.

Hapo pia ndipo Capra anapotofautiana na vichekesho tulivyozoea. Mwaka 1952 hapa kwetu ilitengenezwa sinema ya Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa, aliyesoma Tabora na baadaye akawa Waziri Mkuu, aliigiza mtu wa shamba aliyefika Dar es Salaam akachezewa shere na wajanja. Ni kicheko cha zamani sana: mjini wanamcheka wa shamba. Katika sinema ya Capra mshamba ni tajiri. Barabara ndiyo mji asioujua. Hajui foleni ya kuogea, hajui kuhesabu senti, hajui njaa. Anapewa karoti mbichi anaikataa. Saa kadhaa baadaye anaitafuna kimya kimya, na pale ukumbi wote hucheka bila ubaya, maana kila mmoja wetu ana karoti aliyowahi kuikataa.

Wala sinema haisahau njaa ya kweli. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi 1 kati ya 4 Marekani hakuwa na kazi. Katika basi usiku abiria wanaanza kuimba, mmoja anashika ubeti, wengine wanaitikia, hata dereva anaacha usukani aitikie, basi linaingia mtaroni. Tunacheka. Papo hapo mtoto analia: mama yake amezirai kwa kukosa chakula. Ellie na Peter wanampa noti ambayo wao wenyewe watahitaji kesho yake. Hakuna hotuba. Sinema inakwenda mbele, lakini kuanzia hapo tunajua kwamba kicheko na njaa vimekaa kiti kimoja. Msanii mdogo angetenganisha vitu hivyo, akatupa kichekesho leo na mahubiri kesho.

Hata hivyo sitaki kuisifu kama kasuku. Kuna mahali ambapo mwaka huu sikucheka. Wanavuka kijito usiku, Peter amembeba Ellie begani kichwa chini, wanabishana kuhusu namna halisi ya kubeba mtu mgongoni, na Peter anampiga kofi la makalio. Karibu na mwisho tena anamwambia baba mtu kwamba mwanamke wa namna hii anahitaji mume wa kumtandika kila siku, amekosa au hajakosa. Waliotazama mwaka 1934 walicheka, na mwaka 1994 mimi nilicheka pia. Mke wangu hakucheka. Alisema, "Hapo ameishiwa maneno." Sasa naona alikuwa mhakiki bora kuliko mimi. Utani una sheria, na ya kwanza ni kwamba anayetaniwa ana haki ya kujibu. Maneno hujibiwa kwa maneno. Aliyebebwa kichwa chini hana cha kujibu. Kwa kipimo ambacho sinema yenyewe imekiweka kibandani mbele ya wapelelezi, kofi lile ni kasoro, tena kasoro ya sanaa kabla hata ya kuwa kasoro ya adabu.

Nzuri ni kwamba Ellie anapata zamu yake. Asubuhi Peter anamfundisha jinsi ya kuomba lifti kwa kidole gumba. Ana nadharia tatu, na anasema ataziandikia kitabu. Magari yanapita yote. Ellie anasimama kando ya barabara, anapandisha sketi kidogo, gari la kwanza linafunga breki. Kinachochekesha hapo ni mwalimu aliyejaa nadharia anayekaa garini akiwa amenuna. Namfahamu mwalimu huyo.

Kwa nini nazungumza sana juu ya sheria za utani? Kwa sababu nilizivunja.

Mke wangu alifariki mwaka 2011. Nina mtani, Mzaramo, aliyekuja huku zamani kufanya kazi ya reli, akakaa jirani yangu kwa miaka mingi. Siku ya maziko alifika amejifunga khanga ya marehemu. Nilijua mila. Nimeiona kwenye misiba mingi, nami mwenyewe nimewahi kulala mbele ya jeneza la Mzaramo nikidai mbuzi. Akaketi kwenye ukingo wa kaburi, akasema hazikwi mtu hapa mpaka alipwe shilingi 3,000 zake. Watu wakaanza kutabasamu katikati ya machozi. Kisha akanigeukia, akashika kiuno kama alivyokuwa akishika yeye, akasema kwa sauti ile ile, "Mwalimu, 1934 inakuja kabla ya 1956."

Waombolezaji walicheka. Mimi nilimfukuza. Nilisema maneno ambayo hayakuwa ya utani, na kila aliyekuwapo alijua hayakuwa. Alinyanyuka, akaikunja khanga vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaondoka. Mwaka uliofuata alistaafu akarudi kwao Kisarawe. Hatukuagana.

Nilipoitazama sinema mwaka huu nilikuwa naogopa onyesho la basi, kwa sababu ya zile mbavu alizozishika. Lakini lililonisimamisha ni jingine, ambalo zamani nilikuwa nalipita. Baba wa Ellie ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata binti yake. Peter anafika kudai, na baba anamwandalia hundi. Peter hataki dola 10,000. Anataka dola 39 na senti 60, gharama alizotumia njiani, na hesabu anayo: vitu alivyouza, petroli aliyonunua. Senti moja zaidi haitaki, na senti moja pungufu haikubali. Baba anamtazama, anaelewa, anamuuliza kama anampenda binti yake. Peter anamtukana binti, anamtukana baba, anajitukana mwenyewe, na katikati ya matusi anakubali kwamba ndiyo.

Nilisimamisha picha hapo. Mtu anayedai dola 10,000 ameuza kitu. Mtu asiyedai chochote huenda anajionyesha. Anayedai dola 39 na senti 60 anasema kwamba nilitembea na mtu huyu, njia ilikuwa na gharama zake, na gharama hizo nazijua moja moja. Shilingi 3,000 za mtani wangu zilikuwa hivyo hivyo. Hazikuwa bei ya kaburi. Alikuwa anatangaza mbele ya kijiji kwamba naye alitembea na marehemu, hata sauti yake anaijua. Siku ile, kwa dakika moja, watu wote wa msibani walimsikia mke wangu akisema. Mimi peke yangu nilikataa kumsikiliza.

Mwisho wa sinema ni wa stara kubwa. Wapenzi wenyewe hatuwaoni. Tunawaona mume na mke wenye vibanda wakijiuliza kwa nini wageni wao waliofunga ndoa wametaka kamba, blanketi na tarumbeta ya kuchezea. Tunaisikia tarumbeta, tunaliona blanketi likianguka chini, taa inazimika. Kuta za Yeriko zimeanguka kwa kelele za mchezo wa watoto. Baada ya maneno mengi kiasi kile, Capra anajua mahali pa kunyamaza.

Basi jibu la swali langu ni kwamba bado inachekesha. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, hadi mjukuu akaja kuchungulia. Si kweli kwamba nilikuwa nacheka kwa ajili ya aliyekuwa pembeni tu. Lakini ni kweli kwamba yeye ndiye aliyenionyesha pa kucheka na pa kunyamaza.

Wiki iliyofuata nilimpigia simu mtani wangu. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya heshima, ya kuomba radhi kiutu uzima, nikayaanza. Alinikatiza. Aliuliza shilingi 3,000 zake ziko wapi. Nikamwambia ninazo, nitazituma kwa simu sasa hivi. Akasema deni la kaburi halitumwi kwa simu, mlafi wa Kinyamwezi alete mwenyewe, kwa treni, na asali juu. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama mwalimu wa hesabu amesahau riba ya miaka yote hiyo.

Nilimwambia riba hiyo hana haki nayo. Bado tunabishana.